Kupanda Bure

Hapa kwetu Mosocho dunia ina sehemu mbili tu, Juu na Chini. Chini kuna soko, kinu cha unga, mafundi wa viatu na habari zote. Juu ndiko tunakoishi sisi wenye migomba, kanisa letu la Sabato na magoti yanayouma. Katikati kuna njia ya miguu ambayo ilitandikwa kabro, yale matofali ya saruji, kisha zikawekwa nguzo za zege kila upande ili pikipiki zisipite na kugonga watoto wa shule. Baiskeli inapenya. Magari na pikipiki huzunguka kwa barabara kubwa, na mwenye boda akikupeleka Juu anakutoza kana kwamba unakwenda kuposa na amesikia una pesa. Kwa hiyo wengi wetu hutumia njia ya kabro.

Mimi ni Nyamoita, wengi huniita Mama Omosa, na njia hiyo ndiyo inayonilisha. Nakodisha baiskeli. Ni zile nyeusi, nzito, za zamani, zenye keria ya chuma inayobeba mkungu wa ndizi bila kulalamika. Nilianza na ile moja ambayo mume wangu aliiacha alipokwenda kufanya kazi Naivasha, nikaongeza nyingine kidogo kidogo, nikajenga kibanda changu Juu, penye nguzo. Sina kazi nyingine na siitaki.

Bei yangu haikuwahi kuandikwa popote kwa sababu kila mtu aliijua: kushuka shilingi ishirini, kupanda bure. Mgeni akisikia hucheka, hudhani nimechanganya maneno. Sijachanganya. Anayeshuka ananilipa, anakalia, anaachilia breki, upepo unamfanyia kazi. Akifika sokoni anaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kinu cha unga na kwenda zake. Sasa baiskeli iko Chini na mimi niko Juu. Nani ataniletea? Ni yule anayerudi nyumbani na gunia lake la unga. Anafunga gunia kwenye keria, anasukuma, anahema, anafika kibandani na kunikabidhi. Amenifanyia kazi, halafu nimtoze tena? Hakuna mlinzi wala kufuli, na haijawahi kupotea hata moja, kwa sababu zote zimeandikwa NYAMOITA kwa rangi nyeupe na watu wanazijua hasira zangu. Hizo nazo hupanda bure. Basi tuliishi hivyo kwa amani miaka mingi.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye bei yangu haikumfaa, naye ni mama mkwe wangu, Kemuma. Mimi humwita Baba. Usishangae, kwa Kigusii baba ndiye mama, na ukitaka baba wa kiume unasema tata. Baba huyu magoti yake yalikataa mlima zamani. Baiskeli ya kusukuma haiwezi. Pikipiki hataki hata kuisikia, tangu siku alipoona moja ikiingia mtaroni na mzee wa kanisa akiwa nyuma. Kila nilipomwambia ashuke sokoni atembee kidogo, jibu lilikuwa lile lile.

"Kushuka najua," angesema. "Nitapandaje?"

Na sokoni kulikuwa na mtu wake. Zilpa, mwuza omena, alikuja Mosocho kutoka upande wa ziwa akiwa bibi harusi, na Kemuma naye akaolewa Juu mwaka huo huo. Walikaa ubavu kwa ubavu sokoni, huyu na ndizi, yule na samaki, wakazaa, wakalea, wakafundishana kila mmoja lugha ya mwenzake kwa matusi kwanza. Magoti ya Kemuma yalipokataa, salamu zao zikawa zinapita kwangu.

"Mwambie Zilpa amenenepa," Kemuma ananituma asubuhi.

"Umejuaje, Baba, na hujamwona?"

"Najua tu."

Jioni narudi na omena kidogo zimefungwa kwenye gazeti, na jibu: "Mwambie huyo mvivu ashuke anione." Kemuma alicheka kila mara, kisha akageuka na kushughulika na moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mimi nilijua anachoficha, na kiliniuma, lakini sikuwa na la kufanya.

Sasa ndipo walipoingia hawa watu wa kijani.

Waliingia siku ya Sabato, sisi tukiwa kanisani. Jumapili asubuhi nikatoka na ufunguo wangu wa kibanda, na pale karibu na nguzo nikakuta baiskeli za kijani zimepangwa safu moja, zinang'aa, kila moja na betri yake tumboni. Ziliandikwa PEPEO. Juu yake kulikuwa na bango kubwa kama mlango wa kanisa: KUPANDA BURE! LIPA UKISHUKA.

Nilisoma mara ya kwanza nikadhani macho yananidanganya. Nikasoma tena. Ilikuwa bei yangu. Bei niliyoibuni mimi, kwa kichwa changu, sasa imechorwa kwa rangi na kutundikwa mbele ya kibanda changu. Damu ilinichemka. Nilimkuta msichana mmoja mwembamba amevaa fulana ya kijani, anafuta viti kwa kitambaa.

"Nani amekupa bei yangu?" nikamuuliza.

"Bei gani, mathe?"

"Mimi si mathe. Mimi ni Mama Omosa. Hiyo bei hapo juu, nani amekupa?"

Akageuka kuangalia bango, akanigeukia tena, macho yamemtoka. "Aki Mama Omosa, hii imetoka Nairobi."

"Imefikaje Nairobi bila mimi kujua?"

 Jina lake aliniambia ni Valarie, ametoka upande wa Oyugis, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Alisema kwa upole mno mpaka nikakosa pa kushikia ugomvi. Alinieleza kwamba mtu anatumia simu kuifungua baiskeli, anakwenda nayo hadi kituo kingine, cha Chini, na pesa zinakatwa humo humo kwenye simu. Betri inamsukuma mtu mlimani, yeye anapiga pedali kidogo tu kama anayetia chumvi kwenye mboga. Nilirudi kibandani nimenuna siku nzima.

Na nilikuwa na sababu. Jioni hiyo watu wangu wote walipanda na za kijani. Walinipita wakicheka, magunia nyuma, bila jasho. Mwalimu wa shule ya msingi alipanda na koti lake la suti. Na baiskeli zangu? Zilibaki Chini, zimeegemea ukuta wa kinu cha unga, hakuna wa kuzisukuma. Hapo ndipo baridi iliponiingia. Kumbe siku zote hizi biashara yangu ilikuwa imeshikwa na mtu anayehema mlimani, na huyo mtu amepata wa kumsukuma. Kesho asubuhi wateja wangekuja kibandani wakute hakuna hata baiskeli moja ya kushukia, wangechukua ya kijani kwa shilingi arobaini, na wakizoea, basi mimi nimekwisha.

Lakini Pepeo nao walikuwa na lao, na lilitoka kwa Thadeus.

Thadeus ni mwuza ndizi, mtu mpole mpaka uguse mfuko wake. Jumapili ilikuwa siku ya majaribio, hakuna aliyekatwa pesa; Jumatatu alipanda kutoka Chini akiimba wimbo wa kwaya, akaingiza baiskeli kwenye safu, ikajifunga yenyewe, na simu yake ikalia. Akasoma. Wimbo ukakatika.

"Wewe msichana! Hii kitu imenikata pesa!"

"Ndiyo, mzee," akasema Valarie. "Ni ya safari."

"Safari gani? Mimi nimepanda. Kupanda ni bure. Si imeandikwa hapo?"

"Kupanda ni kama vile unapanda gari, mzee. Ukikalia baiskeli hulipi kitu. Ukishuka ndiyo unalipa."

"Nimeshuka wapi? Hapa ni Juu!"

"Umeshuka kwa baiskeli."

Watu walikuwa wamejaa tayari, na mimi nilikuwa nimetoka kibandani na mikono kiunoni. Thadeus aliangalia miguu yake. Mmoja ulikuwa chini, mmoja kwenye pedali. Akafikiri. Kisha, polepole, akaunyanyua ule wa chini, akaushika mti wa bango kwa mkono mmoja asianguke, akakaa sawa juu ya kiti.

"Sijashuka," akasema.

Tulicheka mpaka mbwa wakabweka. Valarie naye alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Thadeus alikaa pale juu ya baiskeli, akamenya ndizi, akala, akaomba maji akaletewa, na kila aliyepita alimwuliza ameshuka saa ngapi. Waliopanda nyuma yake wakaiga, kila mmoja ameketi juu ya baiskeli yake na kutazama mbele kama wanaopigwa picha. Kwa watu wa huku neno hilo halina mlango wa pili: kupanda ni mlima, na kushuka ni mteremko, na mtu aliyeko Juu hajashuka, hata umlaze kwenye nyasi.

Mwishowe Valarie alipiga simu Nairobi. Nilimsikia akieleza, akirudia, akieleza tena. Alipokata akapanda kwenye jiwe.

"Wamesema watarudisha pesa ya kila mtu aliyepanda," akatangaza. "Bosi anakuja Alhamisi. Mpaka aje, kupanda ni bure kweli kweli."

Shangwe iliyopigwa hapo ungedhani timu ya nyumbani imefunga bao. Mimi sikupiga. Nilikwenda Chini kuchukua baiskeli zangu.

Niliamua kuzisukuma mwenyewe, mbili kwa pamoja, moja kila mkono. Jaribu siku moja uone. Moja inataka kwenda kwenye mtaro, nyingine inataka kurudi ilikotoka, na pedali zote mbili zinakutafuta ugoko. Nilikuwa katikati ya mlima, jasho limeniziba macho, nikasikia kengele laini nyuma yangu. Thadeus akanipita na mkungu wake, akapunguza mwendo.

"Mama Omosa, nikusaidie kwa maombi?"

"Pita!" nikamwambia. "Pita kabla sijakushusha!"

Hivyo ndivyo nilivyoishi siku hizo. Nilisukuma asubuhi, nilisukuma jioni, nikalala mikono imekakamaa. Nilizopandisha zilikuwa chache kuliko zilizoshuka, na niliona wazi kwamba hali hii ikiendelea nitauza baiskeli zangu kwa wanaonunua vyuma. Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Bosi akija ataondoa hiyo habari ya kupanda bure, watu watalipa pande zote mbili, watanung'unika, na watarudi kwangu. Niliomba Alhamisi ifike.

Jumatano ikafika kwanza. Nilitoka jikoni nikamkuta Kemuma mlangoni amevaa gauni lake la Sabato, kitambaa kipya kichwani, na kikapu.

"Baba, unaenda wapi?"

"Sokoni."

"Utapandaje?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezeeka. "Si wamesema bure?"

Kumbe alishaongea na Valarie. Kumbe Valarie alikuwa akipita kwetu kunywa chai kila asubuhi nikiwa nasukuma baiskeli, na Kemuma amekuwa akimhoji kuhusu betri na breki kama fundi. Msichana alikuwa anatusubiri penye nguzo, baiskeli moja ya kijani ameitandikia blanketi kwenye keria.

"Shosho, shika kiuno changu," akamwambia. "Ukisema pole, naenda pole."

"Nani amesema pole?" Kemuma akajibu.

Nilinyakua nyeusi yangu moja, nikawafuata. Kemuma alishuka ule mteremko mkono mmoja kwenye kiuno cha Valarie na mwingine hewani, akisalimia kila mlango kwa jina, na wengine waliosalimiwa walitoka nje mbio na masufuria mikononi kuhakikisha ni yeye. Mimi huku nyuma nilibana breki zangu mpaka zikalia. Breki za kijani, lazima niseme ukweli, ni nzuri kuliko zangu.

Zilpa alikuwa mahali pake pale pale, kwenye debe, mbele ya rundo la omena. Aliinua macho. Kemuma akasimama mbele yake na kikapu, anahema kidogo ingawa hakutembea.

"Umechelewa," Zilpa akasema.

"Nilikuwa na kazi," Kemuma akasema.

Akaweka kikapu chini. Kisha Kemuma akasema, "Na umenenepa kweli," na Zilpa akapiga yowe, akainuka, wakakumbatiana pale juu ya omena, zikamwagika, hakuna aliyejali. Walicheka huku wanalia, wakishikana nyuso kwa mikono yote miwili, wakigusana makunyanzi kama wanaopima kitambaa. Valarie alifuta macho kwa fulana ya kampuni. Mimi nililia wazi wazi, katikati ya soko, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimebeba salamu zao kwa miaka, na sikuwahi kujua zilikuwa nzito hivyo.

Jioni ile, nikiwa katikati ya mlima na baiskeli zangu mbili, kengele laini ikalia tena. Kemuma alipita nyuma ya Valarie, omena kwenye kikapu, kitambaa kimemlegea.

"Sukuma, mwanangu!" akaniambia. "Karibu unafika!"

Alhamisi bosi akaja. Aliitwa Obura, mtu mkubwa mwenye kicheko kikubwa, wa kando ya ziwa, aliyeanza kampuni yake Nairobi. Aliteremka kutoka kwenye pikapu ya Pepeo, akasimama chini ya bango la Chini, na soko zima likamzunguka. Kwanza alituomba radhi.

"Hayo maneno nimeandika mimi mwenyewe," akasema. "Sasa nyinyi mnajua, kwetu nyumbani hakuna mlima. Ardhi imelala tu. Kwetu ukisema kupanda baiskeli, umekalia baiskeli. Ukisema kushuka, umetoka. Sikujua huku maneno nayo yana mteremko."

Tukacheka. Alikuwa anapendeza, ndiyo shida yake. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua tuione. Ilikuwa bango jipya: CHUKUA BURE, LIPA UKIRUDISHA. Kuanzia kesho, akasema, mtu atalipa akishuka na atalipa akipanda, ili pasiwe na utata. Kicheko kikafa. Thadeus akasema kwa sauti kwamba huo ni wizi wa maneno. Wengine wakaunga mkono, wakaanza kupaza sauti.

Obura akainua mikono. "Ngojeni. Nimeambiwa hapa kuna mama aliyekuwa na hii biashara kabla yetu. Mama Omosa. Yuko? Yeye ni mtu wa biashara kama mimi. Hebu yeye aseme: kupanda ni nini?"

Watu wote wakanigeukia. Nilielewa vizuri kabisa alichonipa. Neno moja tu kutoka kwangu, kwamba kupanda ni kukalia baiskeli, basi ugomvi umekwisha, bango jipya linapanda ukutani, watu wanalipa pande zote mbili, na jioni ile ile wanarudi kwenye ukuta wa kinu cha unga kunisukumia baiskeli zangu. Kibanda changu kimepona. Ndicho nilichokiombea tangu Jumatatu. Nikafungua mdomo.

Na pale nyuma ya umati, Kemuma na Zilpa walikuwa wamekaa kwenye debe moja, kila mmoja na nusu, wanachambua omena. Hawakuwa wanasikiliza hata kidogo. Zilpa alisema kitu, Kemuma akamchapa begani kwa kicheko, karibu waanguke wote wawili.

Hasira zikanipanda, safari hii juu yangu mwenyewe, kwa lile nililotaka kusema.

"Bwana Obura," nikasema, "huku kupanda ni mlima. Hakuna kupanda ingine. Mtu wa Juu akiamka asubuhi hafikirii atashuka vipi. Kushuka hata jiwe linajua. Anafikiria atapanda vipi. Akikosa jibu, anakaa nyumbani na pesa yake, na wewe hutamwona, na mimi sitamwona. Ndiyo maana mimi sikutoza kupanda. Uliza mama mkwe wangu, yule pale. Amekaa huko juu mpaka rafiki yake amezeeka bila yeye kuona!"

"Nani amezeeka?" Zilpa akauliza kwa ukali kutoka nyuma.

Soko zima likaangua kicheko, lakini mimi sikuwa nimemaliza. "Hilo bango lako la kwanza liko sawa," nikamalizia. "Liache." Nilijua nimejikata miguu kwa mdomo wangu mwenyewe.

 Obura akamtazama Valarie, aliyesimama karibu na pikapu akiuma kucha.

"Huyu msichana," akasema polepole, "kila jioni ananitumia ujumbe kwamba kituo cha Mosocho watu wanaoshuka na kulipa wameongezeka kuliko vituo vyangu vyote. Mimi nikasema simu yake imeharibika."

"Nilikuambia, bosi," Valarie akasema. "Nilikuambia tangu Jumanne."

"Ulisema. Na mimi nimekuja na bango la kuwafukuza." Akaanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa, tumbo zima. Akaikunja ile karatasi, akampa mwuza karanga afungie karanga. "Basi. Kupanda ni mlima. Kupanda bure!"

Wee! Watu waliruka. Thadeus alikumbatia nguzo ya bango. Mimi nilijaribu kutabasamu, nikashindwa, nikageuka ili nikazisukume baiskeli zangu kabla mvua ya alasiri haijaanza. Nilifurahi kwa ajili ya Kemuma, nilifurahi kwa dhati, na hapo hapo nilikuwa nawaza mnunuzi wa vyuma anapatikana siku gani.

"Na Nyamoita je?" Ilikuwa sauti ya Thadeus, yule yule niliyemfukuza mlimani. "Za kwake nani atampandishia? Sisi ndio tulikuwa tunampandishia. Tumemwacha."

 Watu wakaangalia ukuta wa kinu cha unga, ambako nyeusi zangu zilikuwa zimejazana, jina langu limeandikwa juu ya kila moja. Sikujua kwamba wameliona jambo hilo. 

Valarie ndiye aliyesema. "Bosi, pikapu yetu inapanda kila jioni kuchukua za kijani, tuje tuzichaji hapa Chini na kuzirudisha asubuhi. Ikishuka inashuka imejaa. Lakini ikipanda jioni inapanda tupu."

Obura alitazama pikapu. Alitazama ukuta. Nilimwona akipiga hesabu, kwa sababu mfanyabiashara ni mfanyabiashara tu.

"Sawa," akasema. "Inaweza kubeba zake. Tumtoze ngapi kumpandishia?"

Sijui nani alianza. Nadhani ni Zilpa, kwa ile sauti yake ya kuuzia samaki. Lakini kabla hajamaliza soko lote lilikuwa limeshaitikia, wauza ndizi, wauza nyanya, mwalimu na koti lake, wote kwa pamoja:

"Kupanda bure!"

Obura akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa pikapu yeye mwenyewe, na Thadeus akaleta nyeusi ya kwanza, na mwingine ya pili, zikapandishwa moja juu ya nyingine huku watu wakiimba. Mimi nilisimama tu. Mikono yangu haikuwa na la kufanya, ikabaki inaning'inia, na nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kumfokea aliyekwaruza rangi.

Tangu siku hiyo mambo ni hivi. Asubuhi vijana na watu wa mizigo wanashuka na zangu kwa ishirini. Wenye mayai, wajawazito na waoga wanashuka na za kijani, kwa sababu ya breki, na Obura ameshusha bei hadi thelathini akidhani sitagundua. Mimi nami nimenunua breki mpya, akidhani sitaweza. Jioni watu wote wanapanda kijani, bure. Valarie bado anakunywa chai kwetu, naye ameshajua kwamba Baba ni mama, ingawa mwanzoni alimsubiri mzee wa kiume atoke chumbani mpaka chai ikapoa.

Ile jioni ya Alhamisi, pikapu ilipokwisha kuondoka na baiskeli zangu, nilikwenda kumchukua Kemuma. Soko lilikuwa linafungwa, wingu limeshuka, omena zimekwisha na wale wawili bado wako kwenye debe lao wanabishana kuhusu ng'ombe aliyekufa kabla mimi sijaolewa.

"Baba, twende nyumbani," nikasema. "Mvua inakuja."

Kemuma hakugeuka hata. Alisogea kidogo, akanionyesha kreti tupu iliyokuwa kando yao.

"Kaa," akasema. "Haraka ya nini, na kupanda ni bure?"

Nikavuta kreti, nikakaa nao.